Jinsi ya kuielewa Oman: soma msikiti na kisima cha mafuta kwa pamoja

Kila mwezi napata meseji za watu, wengine wanakuja Oman kufanya kazi, wengine wana ndugu zao huku wamewaita, wengine ni wanafunzi tu wanataka kuandika kitu kuhusu nchi za Ghuba, na maswali yao yanafanana. Hii nchi inaendaje? Mbona sultani ana nguvu zote zile na watu wametulia? Mbona ni nchi ya Kiislamu na hotelini pombe inauzwa? Mbona mwenyeji halipi kodi ya mshahara na watoto wanasoma bure mpaka chuo? Nimejibu sana moja moja, nimeona bora niandike yote hapa mtu akiuliza tena nimtumie.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaenda mbali. Ukiisoma Oman kwa dini peke yake utapotea, ukiisoma kwa mafuta peke yake utapotea vile vile. Hivi vitu viwili vimefungwa kwa kamba moja. Mafuta ndo yaliyompa sultani uwezo wa kuitoa dini mikononi mwa maimamu wa milimani akaiweka wizarani, na dini ndo inayompa sultani maneno ya kugawia pesa ya mafuta ikaonekana ni haki ya watu na siyo hongo. Kwahiyo kila jambo utakalokutana nalo huku jiulize maswali mawili tu, pesa yake inatoka wapi, na nani amelihalalisha. Ukizoea kuuliza hivyo utashangaa mambo mengi yanajieleza yenyewe.

Anzia Nizwa, usianzie Maskati

Watu wakifika wanakimbilia Matrah, soko la zamani la Maskati, kupiga picha pale baharini na kununua ubani, sawa, lakini kama una siku moja tu ya kujifunza nchi basi amka alfajiri ya Ijumaa ushike njia ya Nizwa, ni kama saa moja na nusu hivi kwa gari. Siku hiyo kuna mnada wa mifugo chini ya ngome. Wauzaji wanazunguka duara na mbuzi wao wamewashika kamba, wengine wana ng'ombe, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, mtu akimpenda mbuzi anamnyooshea mkono muuzaji, anasimama, anampapasa mnyama kiwele, anamfungua mdomo aangalie meno, bei inatajwa kwa sauti na kama hamjaelewana muuzaji anaendelea na mzunguko wake hana habari. Wanawake wa kibedui na barakoa zao wamo humo humo wananunua na kuuza. Alafu ghafla kumekucha vizuri, jua limeanza kuuma, uwanja unapungua, watu wanakwenda kuoga na kuvaa kanzu safi, wanaelekea msikitini.

Sasa simama hapo uangalie ule mnara mnene wa duara wa ngome. Umejengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, ndo huyo huyo aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe ndo jeshi lake lililoichukua Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698. Zingatia neno imamu. Waomani wengi wa ndani ni Ibadhi, na kwa Waibadhi kiongozi wa watu anatakiwa achaguliwe na wanachuoni na wakubwa wa makabila, siyo lazima awe mtoto wa mtawala aliyepita, na akiharibu wanaweza kumuondoa. Hebu fikiria wewe ni mfalme unayerithi kiti kwa baba yako na watu wako wanaamini hivyo. Hiyo ndo shida ambayo ukoo wa Al Busaid, ndo wanaotawala mpaka leo, umeishi nayo toka karne ya 18, manake mwanzilishi wao Ahmad bin Said alichaguliwa imamu kabisa, lakini wajukuu zake wakahamia pwani kwenye biashara na wakaacha uimamu, wakaitwa Sayyid, baadae Sultani. Mmoja wao Said bin Sultan sisi watu wa pwani tunamjua, alihamishia makao Unguja, akafa 1856, na mwaka 1861 Waingereza wakaigawa dola ile vipande viwili, Zanzibar ikatakiwa ilipe reale 40,000 kila mwaka kwa Maskati kwa sababu upande wa Maskati ulikuwa umebaki masikini. Enzi hizo msafiri wa kutafuta maisha alitoka huku kwenda kwetu, wale Wamanga wa maduka ya mashamba wazee wetu wanawakumbuka.

Mwaka 1920 wakasaini mapatano pale Seeb, sultani abaki na Maskati na pwani, imamu na makabila wabaki na mambo yao ya ndani. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 30. Ndo inaingia kampuni ya mafuta, inaangalia ramani ya mawe, inaona pahali pazuri pa kuchimba ni Fahud, jangwani kule ndani, yani upande wa imamu. Kampuni ikagharamia kikosi kipya cha askari wa sultani. Imamu Muhammad al Khalili akafa 1954, akachaguliwa Ghalib bin Ali, na Desemba 1955 askari wakaingia Nizwa, sultani Said bin Taimur mwenyewe akatoka Salalah na msafara wa magari akakata jangwa zima kuja kupokea utii. Watu wa imamu wakaasi 1957, ndege za Uingereza zikaipiga ngome hii hii unayoiangalia, na mwanzoni mwa 1959 Jabal Akhdar, ule mlima walikojificha, ikaanguka, Ghalib akaishia uhamishoni. Na kile kisima cha kwanza cha Fahud kilikuwa kikavu! Mafuta ya kuuza yalipatikana Yibal mwaka 1962, na meli ya kwanza ikaondoka nayo tarehe 27 Julai 1967.

Nimeirefusha hadithi hii makusudi. Ukiijua hii huhitaji mtu akueleze kwanini serikali ya Oman iko makini sana na dini kuliko inavyoonekana kwa macho. Hapa dini ilikuwa na dola yake kamili, na kilichoileta vitani na sultani ni kisima.

Alafu soma mwaka 1970 polepole

Said bin Taimur alianza kupata pesa ya mafuta lakini hakutaka kuitumia, aliogopa deni na aliogopa mambo mapya. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu, barabara ya lami kilomita kama 10 hivi, na mageti ya mji wa Maskati yalifungwa usiku, ukitembea baada ya hapo lazima ushike fanusi. Kule Dhofar, mkoa wa kusini, vita vilianza toka 1965. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos akamuondoa kwa msaada wa Waingereza, na kazi ya kwanza ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba ile pesa ipo na ni yao. Shule, hospitali, barabara, maji, umeme. Ukiongea na mzee wa huku wa miaka 65 kwenda juu muulize shule yake ya kwanza ilikuwaje, wengi watakwambia chini ya mti au kwenye hema, ameanza darasa la kwanza akiwa kijana mkubwa. Usimkate akieleza, manake ndo unaelewa kwanini mtu huyu akitajiwa Qaboos macho yanamlenga.

Na hapa sisi tunaingia. Qaboos aliwaita Waomani walioko nje warudi, na waliorudi wengi walitoka Zanzibar baada ya yale ya 1964, wengine Kenya na bara, wengine Burundi, Rwanda na Congo. Walikuwa wanajua Kiingereza na kazi za ofisi, nchi haina watu waliosoma, wakaingia kwenye kampuni ya mafuta, wizara, polisi, hospitali. Ndo maana mpaka leo utaingia ofisini Maskati unahangaika na Kiarabu chako alafu mama aliyekaa dirishani anakuuliza, mwanangu umetoka wapi? Ila nakupa angalizo, usimwite Mswahili kabla hujajua yeye anajiitaje. Wapo wanaojivunia na wapo ambao walisumbuliwa sana na jina la Zinjibari utotoni wakiambiwa siyo Waarabu kamili, hilo jeraha lipo, liheshimu.

Hata mufti mkuu wa nchi, Sheikh Ahmed bin Hamad al Khalili, amezaliwa Zanzibar 1942, akaja Oman baada ya mapinduzi, na toka 1975 ndo mwenye cheo hicho. Ona ilivyokaa. Uimamu uliondolewa kwa nguvu, alafu serikali ikaanzisha cheo cha kidini ndani ya dola, ikampa mwanachuoni wa Kiibadhi anayeheshimiwa kweli kweli.

Sikiliza khutba ya Ijumaa

Hili ni zoezi, lifanye hata kama Kiarabu chako ni cha kuokoteza. Nenda msikiti wa mtaa wako Ijumaa hii, wiki ijayo nenda msikiti wa mtaa mwingine mbali. Maudhui utaona yanakwenda pamoja, kwa sababu khutba inaandaliwa na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini, na mwisho kuna dua ya kumuombea sultani. Pesa ya kuendesha hayo inatoka serikalini na kwenye wakfu. Neno wakfu tunalo kwetu, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu, na huku Oman wakfu ni kitu cha zamani mno, kuna mitende imewekwa wakfu kwa ajili ya futari ya Ramadhani, kuna ya kutengeneza falaji, ile mifereji ya maji ya zamani inayopita kwenye mashamba. Zamani kijiji ndo kilisimamia, saivi usimamizi mkubwa uko chini ya wizara.

Ukiswali nao utaona wameteremsha mikono, hawafungi kifuani, na baada ya Fatiha hawaitikii amin. Usishtuke wala usimsahihishe mtu. Ibadhi na Sunni wanapanga safu moja hapa, mmoja kafunga mikono mwenzie kaachia, na hamna anayemgeukia mwingine. Hii mi naipenda sana na naomba tuige. Ila pia ni sera, sheria inakataza kuchochea watu kwa madhehebu na serikali haichezi nayo.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa 2001 utauona tu, kila mtu anaupiga picha, zulia lake lina tani 21. Lakini mi nikiwa na mgeni namwambia fikiria na kaburi. Qaboos alifariki Januari 10, 2020, kesho yake akazikwa Ghala na watu wa ukoo wake, kaburi la udongo la kawaida, hamna kuba hamna marumaru. Yule yule aliyejenga msikiti wa kuingia watu 20,000. Pesa ya mafuta inaonekana kwenye nyumba ya Mungu na barabara, kwenye kaburi la mtawala haionekani, na kwa Muibadhi jambo hilo linasema kitu kikubwa kuhusu aliyelala humo.

Ukiona jambo limeruhusiwa, tafuta kibali chake

Katiba yao wanaiita Sheria ya Msingi, ilitoka 1996 ikaandikwa upya 2021, na ibara ya pili inasema dini ya dola ni Uislamu na sharia ndo msingi wa kutunga sheria. Mtu akisoma hivyo anadhani kila kitu ni kadhi. Hapana. Ndoa, talaka, mirathi, malezi ya watoto, hapo sharia utaikuta wazi wazi. Biashara, mikataba, benki, uwekezaji, hapo kuna sheria za kisasa za kawaida. Benki za riba zilifanya kazi miaka na miaka, na Oman ndo ilikuwa ya mwisho kati ya nchi za Ghuba kuruhusu benki za Kiislamu, ruhusa ilitoka 2011 ndo ikaanza Bank Nizwa, na mwaka 2015 serikali yenyewe ikakopa kwa sukuk, hati za mkopo za Kiislamu zisizo na riba, kwa mara ya kwanza, rial milioni 250. Tarehe hizo zisikupite. Watu walitaka benki halali siku nyingi, iliruhusiwa mwaka ule ambao barabarani kulikuwa na maandamano.

Pombe ni hivyo hivyo, inauzwa kwa leseni kama hotelini, bila leseni ni kosa. Siku za mapumziko pia, zamani walipumzika Alhamisi na Ijumaa, mwaka 2013 wakahamia Ijumaa na Jumamosi ili wasipitwane sana na masoko ya dunia. Ijumaa haikuguswa, iliyosogezwa ni ile ya pembeni. Kumbuka mfano huu, manake ndo namna wanavyofanya mambo yao mengi, kile ambacho dini imekishika wanakiacha, kinachosogezeka wanakisogeza kufuata pesa.

Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana hata kama wewe siyo Muislamu, ni sheria ya jinai, unaweza kufungwa mpaka miezi mitatu. Kunywa maji yako ndani. Na kumtukana sultani au kumkejeli mtandaoni, hata kwenye kigrupu cha WhatsApp, ni kifungo cha miaka. Wanachama wa vyama? Hamna vyama vya siasa. Kuna Majlisi ya Shura inayochaguliwa, ilianza 1991, na toka 2003 kila raia wa miaka 21, mwanamke na mwanaume, anapiga kura, lakini neno la mwisho ni la amri ya sultani.

Kwahiyo ukitaka kujua nchi inaelekea wapi soma hizo amri, zinachapishwa kwenye gazeti rasmi na namba zake na mwaka. Mfano mmoja. Qaboos hakuwa na mtoto, jina la mrithi aliliacha kwenye bahasha, na alipofariki familia ikakubaliana ifunguliwe pale pale, akatoka Haitham bin Tariq, ndo sultani wa sasa. Mwaka mmoja baadae Haitham akaweka kwenye Sheria ya Msingi kwamba kuna mrithi rasmi na ni mtoto mkubwa wa kiume, yani Theyazin. Ule mwanya wa kuchagua ambao ulikuwa unanukia uimamu kidogo ukafungwa. Na mwaka 2025 sikukuu ya taifa ikahamishwa kutoka Novemba 18, siku aliyozaliwa Qaboos, ikawekwa Novemba 20 kumkumbuka Ahmad bin Said na mwaka 1744. Kutoka mtu aliyeleta mafuta nyumbani kwa watu kwenda kwa babu aliyechaguliwa imamu. Hilo sijalisoma popote likielezwa hivyo, ni mimi nalisoma hivyo.

Simama kwenye pampu ya mafuta

Hapa ndo pahali pa kusoma mkataba kati ya mtawala na raia. Mpaka mwisho wa 2015 lita ya petroli ya 95 ilikuwa baisa 120, na rial moja ina baisa 1,000, piga hesabu mwenyewe. Bei ya pipa duniani ilikuwa imeporomoka toka 2014, serikali ikaanza kukosa, Januari 2016 ruzuku ikatolewa na bei ikawa inapanda na kushuka kila mwezi. Watu wakanung'unika sana. Mwaka 2021 sultani akaifunga bei isipite ile ya Oktoba ya mwaka huo, 95 ikagota kwenye baisa 239. Kwahiyo ukiona ile namba inayokaa pale kwenye kibao haibadiliki, ujue kuna mtu juu ameamua isibadilike na kuna mfuko unalipia tofauti.

Nchi inatoa kama mapipa milioni moja kwa siku, siyo nyingi ukilinganisha na jirani zake, na haimo OPEC, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta, ila inakwenda nao kwenye makubaliano ya kupunguza uzalishaji. Kampuni kubwa ya mafuta, PDO, serikali ina asilimia 60 na Shell 34. Mapato ya serikali kama theluthi mbili hivi yanatoka kwenye mafuta na gesi. Zoezi lako ni hili, kila Januari tafuta bajeti wamekadiria pipa dola ngapi, 2024 na 2025 waliweka dola 60, alafu fuatilia soko. Dola moja ikizidi kwenye pipa ni karibu dola milioni moja kwa siku, japo siyo yote inaingia serikalini. Ikiwa juu ya 60 mwaka mzima utasikia deni linalipwa na ajira zinatangazwa. Ikiwa chini utasikia lugha ya subira na kujitegemea, na utaisikia kwanza kwenye hotuba na muda si mrefu kwenye khutba.

Mkataba wenyewe haujaandikwa popote lakini kila mtu anaujua. Raia anapata kiwanja cha kujenga, shule, matibabu, kazi ya serikali ikipatikana, hakatwi kodi ya mshahara, naye anatii. Kwa macho ya Mmagharibi utaambiwa watu wamenunuliwa. Kaa nao uwasikilize, wao wanaongea habari ya baitulmali, kwamba mali iliyo chini ya ardhi ni ya umma na mtawala ni mwenye kuamini­wa tu, akiizuia amekosa. Ndo maana kazi zikikosekana vijana hawaombi, wanadai. Sohar, mji wa pwani kaskazini, mwaka 2011 walifunga mzunguko wa barabara siku nyingi, watu walikufa pale, Qaboos akabadilisha mawaziri, akaahidi nafasi za kazi 50,000 na rial 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Mei 2021 vijana wakatoka tena, hapo hapo Sohar ilikuwemo, mwezi mmoja baada ya VAT ya asilimia 5 kuanza.

Haitham anajaribu kuuandika upya mkataba huo bila kuuchana. Toka 2024 kuna mfumo wa hifadhi ya jamii, mtoto anapata rial 10 kwa mwezi na mzee wa miaka 60 na kuendelea anapata 115, maskini kwa tajiri. Na upande wa pili ametoa amri mwaka 2025 kwamba kuanzia Januari 2028 kutakuwa na kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa anayezidi rial 42,000 kwa mwaka. Ni nchi ya kwanza ya Ghuba kufanya hivyo. Itagusa watu wachache mno, mshahara wa chini wa Muomani kwenye kampuni binafsi ni 325 kwa mwezi, mtu wa 42,000 anapata 3,500. Lakini mlango ukishafunguliwa umefunguliwa.

Kama unakuja kufanya kazi soma hapa mara mbili

Mgeni anakaa kwa jina la kafili, mwajiri wake. Kadi yako ya ukaazi, huku wanaiita bataka, ndo maisha yako. Wageni ni zaidi ya watu wanne kwa kila kumi nchini, na serikali inawabana waajiri waweke Waomani, orodha ya kazi za wenyeji tu inaongezeka, kwahiyo kabla hujakubali ofa angalia kama kazi hiyo haimo. Toka Januari 2021 huhitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ukimaliza mkataba unahama. Mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Kazi za juani miezi ya Juni, Julai na Agosti zinasimama saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu.

Dada zetu wa kazi za ndani, nyie sheria ya kazi ya kawaida haiwabebi, mna kanuni zenu pembeni, na ulinzi wake ni mdogo. Naumia kulisema lakini nimeona. Binti mmoja wa kwetu Tanga alikaa miezi mitano halipwi, pasipoti imefungiwa kabatini, ajenti aliyemleta hapokei simu. Kilichomsaidia kwanza kabla hata ya ubalozi ni bibi mmoja jirani anayejua Kiswahili, alimvaa mwenye nyumba mbele ya watu wake akamsomea ile hadithi ya Mtume, mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Pesa ilitoka wiki ile. Sisemi utegemee hilo, nenda ubalozini, piga picha mkataba na pasipoti uzitume kwenu kabla hujapanda ndege, wizara ya kazi inapokea malalamiko. Lakini ujue dini hapa ina uzito mbele za watu ambao karatasi wakati mwingine haina, itumie kwa adabu na kwa haki yako.

Ukialikwa majlisi

Vua viatu, salimia kuanzia kulia, mkono wa kulia kwa kila kitu. Kwanza zinakuja habari, ulum wanaita, mnaulizana na jibu ni kheri hata kama una mambo, mambo yanakuja baadae. Halua au tende kwanza kisha kahawa chungu kwenye finjani ndogo, mwenye dele atakujazia kila ukirudisha mpaka uitikise finjani, ndo amejua umetosheka. Mkubwa wa kabila anakaa juu, wali wa serikali akija anakaa karibu yake, na neno wali unalijua, ndo liwali wa pwani yetu. Angalia nani anamsogezea nani mto, hapo unaona mshahara wa serikali na ukoo vimekaa zulia moja.

Usianze kuuliza siasa. Uliza mitende mwaka huu imezaaje, uliza falaji ina maji, uliza watoto wanasoma wapi. Mtoto atakuwa amemaliza chuo kikuu na anasubiri kazi ya serikali mwaka wa tatu huu, na mzee ataanza mwenyewe kueleza, na hapo utasikia mafuta, Mungu, sultani na subira vimo kwenye sentensi moja. Sikiliza tu.

Na kama utakuwepo Oman tarehe 7 Januari 2028, Ijumaa ya kwanza baada ya ile kodi kuanza, wahi msikitini mapema ukae safu za mbele. Usikie watakavyolieleza neno kodi mimbarini, na kama watalitaja au watazungumzia zaka.